Kabla Hamjawaombea Askari Wenu, Piteni Kwanza Kota

Mwanangu wa pili ni askari polisi. Alihitimu mafunzo katika Shule ya Polisi Moshi, akapangiwa kazi katika mkoa ambao kutoka hapa Mtwara ni safari ya siku mbili kwa basi, na tangu hapo mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha watoto wa mji huu kwa miaka 32, nimekuwa mtu wa kulala na simu chini ya mto. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya, mwaka juzi, nisimame katika kikao cha akina mama kanisani kwetu na kupendekeza tuwe na siku ya kuwaheshimu na kuwaombea askari wa mjini kwetu pamoja na familia zao. Nilidhani kwamba kwa kuwa ni mama wa askari, ninajua mahitaji ya askari. Sikuyajua, na kutojua huko kulitugharimu fedha, kulituaibisha, na mara moja kulikaribia kuitia hatarini familia isiyo na kosa lolote. Naandika ili kikundi kingine chenye nia kama yetu, kiwe Masasi, Nachingwea au kwingineko, kisianzie pale tulipoanzia sisi.

Wazo lenyewe lilipokelewa vizuri, kwa kuwa sisi wa kusini hatuhitaji kuelezwa sana juu ya hatari za kazi ile. Basi litokalo Mtwara au Lindi kwenda Dar es Salaam hupita Kibiti, wilaya ambayo Aprili 2017 askari 8 waliviziwa na kuuawa wakiwa ndani ya gari lao. Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Msumbiji walivuka Mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya, na baadhi ya akina mama waliokuwa katika kikao kile wana ndugu ukanda huo wa mpakani. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza kwa nini tuwaombee. Swali ambalo hatukuulizana, na ambalo lilipaswa kuwa la kwanza, ni kama askari wenyewe na watu wa nyumbani kwao wangependa kuombewa namna gani.

Kamati ilikuwa na watu saba, mimi nikiwa katibu. Tulichangisha shilingi 870,000, na tulipoiona fedha hiyo imekamilika tukaanza kupanga mambo makubwa. Tulitengeneza bango la shilingi 60,000 lenye nembo ya Jeshi la Polisi, ambayo kijana wa duka la kuchapisha aliitoa mtandaoni bila yeyote kati yetu kujiuliza kama tuna ruhusa ya kuitumia. Viti na turubai vilichukua 120,000, pilau na vinywaji 310,000, na zile 380,000 zilizobaki tukazigawa katika bahasha 19 za shilingi 20,000 kila moja, kwa ajili ya askari 19 tuliowafahamu kwa majina. Ibada ingekuwa Jumapili asubuhi, kisha tungeandamana kwa nyimbo hadi kituoni, na mgeni rasmi angekabidhi bahasha mbele ya watu wote.

Barua ya kupeleka polisi niliiandika mwenyewe, tena kwa fahari, maana barua rasmi nimezifundisha darasani maisha yangu yote. Afisa aliyetupokea, mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliisoma mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama nimewahi kuandaa maandamano. Nikamjibu kwamba haya si maandamano, ni sala. Akacheka kidogo, kisha akanieleza kwamba watu wakitembea barabarani kwa pamoja wakiwa na bango, hata wawe wanaimba mapambio, taarifa ya maandishi inatakiwa kufika polisi si chini ya saa 48 kabla, na askari inabidi wapangwe kuwasindikiza.

“Maana yake, Mwalimu,” alisema, “ili ninyi mniombee, itanibidi niwatoe kwenye mapumziko vijana wangu kumi waje kulinda maombi.”

Tulicheka wote, lakini nilitoka mle ofisini nikiwa na jasho. Maandamano tuliyafuta siku hiyo hiyo. Jambo la pili alilolizungumzia halikuwa la kuchekesha. Aliuliza bahasha zile ni za nini, nikamwambia ni za shukrani tu, hatuombi upendeleo wowote. Aliisukuma barua taratibu kuelekea upande wangu, akasema kwamba kuna Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na kwamba hata kama sheria hiyo isingekuwapo, yeye asingependa askari wake wapokee fedha mkononi kutoka kwa raia wanaowahudumia. Leo bahasha ni shukrani. Kesho mtoto wa mmoja wenu akikamatwa na bodaboda isiyo na leseni, bahasha ile itakumbukwa na aliyeitoa na aliyeipokea. Nilinyamaza, kwa sababu nilijua kabisa kwamba katika kamati yetu alikuwamo mama mwenye kijana wa bodaboda.

Basi tukabaki na ibada na chakula, na tukadhani tumekwisha kusahihisha makosa yote. Jumapili ilipofika tulikuwa tumepanga viti 60 vya mbele kwa ajili ya askari na familia zao. Walikuja askari tisa na familia nne. Siku hiyo kulikuwa na mechi katika Uwanja wa Nangwanda Sijaona, hivyo waliokuwa zamu walikuwa uwanjani na waliokesha usiku walikuwa wamelala. Wale Waislamu, ambao katika mkoa wetu ni wengi, hawakuona kwa nini wakae kanisani saa tatu nzima ili waheshimiwe. Na kusema kweli hata mimi, kama ningealikwa kuheshimiwa kwa masharti ya namna hiyo, ningetafuta udhuru. Mchungaji alihubiri vizuri juu ya walinzi wa usiku wanaoingojea asubuhi, huku akivitazama viti vitupu. Pilau ya askari ililiwa na majirani hadi Jumatatu.

Hayo yote yalikuwa ya fedheha tu, na fedheha hupita. Kosa lililoninyima usingizi lilikuwa jingine. Wakati wa maombi tulisoma kwa sauti majina ya askari 19, pamoja na vyeo vyao na majina ya watoto wao, tukiamini kwamba kumtaja mtu kwa jina ndiko kumwombea hasa. Orodha hiyo tuliikusanya kwa kuulizauliza mitaani. Baadaye mmoja wetu akaiweka katika kikundi cha WhatsApp, pamoja na picha za familia zilizohudhuria na nyingine alizozipata kwa marafiki, na picha mojawapo ilikuwa ya watoto wawili wakiwa na sare za shule ambazo mtu yeyote wa mjini angezitambua.

Jumanne baada ya Isha mlango wangu uligongwa. Alikuwa mama ambaye sikumfahamu, amejitanda kanga hadi usoni, akakataa kuketi. Aliniambia kwamba mume wake ni askari kanzu, na kwamba mtaani wanapopanga watu walijua anafanya kazi za bandarini. Kulikuwa na jambo alilokuwa akilifuatilia ambalo hata yeye mkewe hakuambiwa ni lipi, isipokuwa aliona tu kwamba siku hizi alikuwa akibadilisha njia ya kurudi nyumbani. Sasa jina lake, cheo chake na sura za wanawe vilikuwa katika simu za watu wasiohesabika. Hakunifokea. Alisimama pale mlangoni akiikunja na kuikunjua ncha ya kanga yake, akasema, “Mwalimu, mngetuuliza tu.”

Tulifuta picha usiku ule ule, tukawaomba watu wa kikundi nao wafute, lakini kila mwenye simu anajua kwamba kilichokwisha kutoka hakirudi chote. Baada ya wiki tatu familia ile ilihama. Sikuambiwa kama ni kwa sababu yetu, nami sikuthubutu kuuliza. Nilipeleka fedha ya gari la kubebea vyombo kwa mkono wa mtu mwingine, nikaambiwa imepokelewa, basi. Kama msomaji atabaki na jambo moja tu katika simulizi yangu, naomba liwe hili: usisome hadharani jina la askari bila ruhusa yake, usipige picha ya mtoto wake, na usiandike popote wanapoishi. Mungu hahitaji orodha ya kuchapishwa.

Kwa miezi miwili sikutaka kusikia habari ya kamati. Aliyeniinua ni mkaguzi wa kata yetu, yule ambaye watu humwita polisi kata, aliyepita kwangu kwa jambo lingine la ulinzi shirikishi wa mtaa. Nilimsimulia yote. Alinishauri nisianze tena na ofisi kubwa wala na barua yenye mgeni rasmi, bali nizungumze na askari wa kike walio katika Mtandao wa Polisi Wanawake, kwa kuwa wao ndio hushughulika na mambo ya kijamii na wanajua ni mlango upi wa kota, yaani nyumba wanamoishi askari, unaoweza kugongwa na upi uachwe. Ushauri huo, ambao haukugharimu hata senti, ndio uliotutoa. Koplo mmoja wa kike alinichukua siku ya mapumziko yake, nikiwa peke yangu, bila bango wala mfuko wa zawadi, tukaenda kutembelea nyumba tatu ambazo wenyewe walikubali kuzungumza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya vyumba viwili. Kwenye kamba ya nje zilianikwa nguo za watoto, shuka na kitenge, lakini sare haikuwapo. Ilikuwa imeanikwa ndani, nyuma ya mlango wa chumbani, imegeuzwa upande wa ndani nje, na sakafuni kuna beseni la kukinga matone. Mezani palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilipoiangalia, mwenye nyumba akaniambia ni ya baba watoto, aliingia zamu jana jioni akatarajiwa alfajiri, na sasa ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi.

“Nikiiondoa, nitakuwa kama nimekata tamaa,” alisema, kisha akacheka ili nisije nikalichukulia kwa uzito.

Wakati tunazungumza, pikipiki ilipita nje, na yeye akanyamaza katikati ya neno hadi mlio ulipopotea. Hakutambua kwamba amenyamaza. Mimi nilitambua, kwa sababu ndivyo ninavyofanya simu inapolia usiku.

Nilimuuliza tuwaombee nini. Nilitarajia aseme ulinzi, maana ndilo tulilokuwa tukiliomba siku zote: warudi salama, risasi zisiwapate, ajali ziwaepuke. Aliwaza kidogo. “Bibi,” aliniambia, akiniita hivyo kwa heshima ya mvi zangu, “muombe warudi wakiwa wanaongea. Wangu hurudi mzima, anakula, anaoga, lakini akiwa ameuona mwili wa mtoto kwenye ajali haongei siku tatu. Mimi nalala na mtu mzima asiyekuwapo.” Sikuwa na la kusema. Katika maombi yetu yote ya mwaka ule, hakuna hata moja lililotaja kwamba mtu anaweza kurudi salama na bado asiwe amerudi.

Nyumba ya pili ndiyo iliyonigusa kama mwalimu. Mtoto wa pale alikuwa darasa la tano na alikwisha kusoma katika shule nne, kwa kuwa uhamisho wa baba yake haukujali muhula umefikia wapi. Mama yake alinisimulia jinsi mwalimu mmoja, katika mkoa mwingine, alivyomwita mtoto mzembe mbele ya darasa kwa sababu hakujua mada ambayo wenzake waliifundishwa kabla hajafika. Nikamkumbuka mvulana mmoja miaka mingi iliyopita, aliyeletwa darasani kwangu mwezi wa sita akiwa hana daftari hata moja lililojaa, na maneno niliyomwambia. Baba yake alikuwa askari. Sikumsimulia yule mama habari hiyo, ingawa pengine ilinipasa kufanya hivyo, na nimeamua kuiandika hapa.

Nyumba ya tatu, ambayo yule koplo alisema ni ya askari mwenzake, tulimkuta mwanamume jikoni akikatakata vitunguu. Mkewe ndiye askari. Ni fundi seremala, mcheshi, na malalamiko yake yalikuwa mafupi: kila anaposikia watu wakiombea familia za askari husikia “wake zao na watoto wao”, naye hujitazama akajiona si mke wala si mtoto. Tangu siku hiyo tunasema wenza wao, na fundi huyo ametutengenezea meza ya kanisani kwa bei ya kirafiki.

Kabla ya kupanga siku ya pili kulikuwa na jambo moja zaidi, na wengi hulikwepa. Habari za mipango yetu zilipofika kwa wazee wa mtaa, mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye watoto wake niliwafundisha, alikuja kikaoni akaomba nafasi ya kusema. Alisema hakatai dua. Lakini hapa Mtwara watu wanakumbuka vurugu za gesi za mwaka 2013, Januari na kisha Mei, na wako walioumia siku zile ambao majeraha yao hayakutajwa katika ibada yoyote. Wanakumbuka pia Januari 2022, askari saba walipofikishwa mahakamani hapa mjini wakishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara. “Sasa Mwalimu,” aliniuliza, “mkiinua mikono juu kuwaombea, na hao mnawaombea nini? Na mama wa yule kijana akikaa katika viti vyenu, atasikia jina la mwanawe au atasikia pongezi tu?”

Katika kamati walikuwamo waliotaka kumnyamazisha kwa heshima, kama tunavyowanyamazisha wazee, kwa kumwambia “tumekusikia, baba”. Nashukuru hatukufanya hivyo. Tulibishana jioni nzima. Mimi niliogopa kwamba tukitaja wanaoumizwa na askari, askari wataona tumewaalika ili tuwasute, na kazi yote iliyofanyika kota itapotea. Nilimpigia simu yule koplo wa kike kumuuliza maoni yake, naye akanijibu kwamba askari anayefanya kazi kwa haki ndiye wa kwanza kuchafuliwa na mwenzake anayeharibu, kwa sababu akipanda daladala akiwa na sare watu humtazama kama ni yeye. Kwa hiyo tukaandika upya maombi: kwa walio kazini na wenza wao na watoto wao, kwa waliofiwa na askari, kwa mahabusu na familia zao, kwa kila aliyedhulumiwa na mtu aliyepewa dhamana ya kumlinda, ili apate haki, na kwa askari anayeshawishiwa kupindisha haki, ili apate nguvu ya kukataa. Mvuvi yule aliisoma karatasi akiwa ameishika mbali kama wafanyavyo wazee, akasema ombi hilo la mwisho liwe la kwanza. Tulilihamisha.

Siku ya pili, ambayo kwa kweli zilikuwa siku tatu, haikuwa na bango. Tuliiweka Septemba, kabla msimu wa korosho haujaanza, kwa sababu minada ikishafunguliwa na magari ya mzigo yakianza kushuka kutoka Tandahimba na Newala, askari hawana Jumamosi wala Jumapili: kuna doria za kuwasaka wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu rasmi, na kuna wizi unaofuata fedha za wakulima. Ijumaa, shekhe wa msikiti ulio karibu na kota aliongoza dua baada ya swala, na sisi akina mama wa kanisani hatukwenda wala hatukupeleka mwakilishi wa kusalimia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetushauri hivyo, akisema kila mmoja aombe kwa njia yake na chai tuinywe pamoja. Jumapili ilikuwa zamu yetu, ndani ya ibada ya kawaida, dakika zisizozidi kumi na tano, bila viti vya mbele na bila jina la mtu. Askari waliokuwapo walikuwa na nguo zao za nyumbani, na jirani aliyeketi karibu nao hakujua.

Chai ilikuwa Jumatano, wakati wa kubadilishana zamu, kwenye kivuli cha mwembe ulio nje kidogo ya kota, kwa ruhusa iliyoombwa kwa barua ya nusu ukurasa. Tulipika ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku kwetu, na mihogo, tukachemsha chai ya tangawizi, tukakaanga korosho, na yote yalitugharimu shilingi 95,000. Waliokuwa wanatoka zamu walikula wamesimama kwanza, kisha wakaketi. Hatukuwa na hotuba. Niliona konstebo kijana, pengine wa umri wa mwanangu, akimenya mng'oko kwa utaratibu wa mtu asiyeujua, na mama mmoja wa Kimakonde akamnyang'anya akammenyea huku akimuuliza kwao ni wapi. Alitoka Kanda ya Ziwa. Alikaa nasi hadi birika likaisha.

Zile fedha za bahasha, shilingi 380,000, tulikuwa tumezirudisha katika mfuko wa kikundi. Kwa ushauri wa askari wa kike tulinunua kwa 210,000 mikeka, sabuni, taulo za kike na nguo za watoto kwa ajili ya Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambako mama aliyepigwa usiku au mtoto aliyeokotwa hukaa akisubiri maelezo yake yaandikwe, na mara nyingine askari wa zamu hutoa mfukoni mwake kumnunulia chai. Vitu vilikabidhiwa kwa orodha iliyosainiwa pande zote mbili, nakala moja ikabaki kwetu. Ukitaka kutoa kitu, toa kwa njia hiyo: kwa kituo au dawati, kwa maandishi, usimpe mtu mkononi. Askari aliyenipokea alinishukuru kwa orodha kuliko kwa mikeka.

Zilibaki 75,000, na hizo zimetupeleka mahali ambapo hatukupanga kufika. Siku ya chai, mjane wa askari aliyefariki kwa ugonjwa mwaka mmoja kabla aliniuliza pembeni kama najua habari za mirathi. Wakati wa msiba, alisema, nyumba yake ilijaa watu, gwaride likapigwa, maneno mazuri yakasemwa. Lakini baada ya arobaini alibaki na bahasha ya karatasi asizozielewa na shemeji waliokuwa na maoni mengi. Nilimwambia sijui, ila najua kusoma. Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo ningependa kila kikundi cha maombi kiyajue, kwa kuwa mjane akiwa peke yake kwenye benchi la mahakama, maombi yetu ya madhabahuni yanamfikia kwa mbali sana. Cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kipatikane mapema, na zitolewe nakala nyingi. Ukoo ukae na muhtasari wa kikao uandikwe, ukimtaja anayependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na waliohudhuria wasaini, maana Mahakama ya Mwanzo itauulizia. Majina yafanane: kwa huyu dada, jina la marehemu kwenye cheti cha ndoa lilikuwa na herufi moja tofauti na la kwenye kumbukumbu za kazini, na herufi hiyo moja imetugharimu safari nne, hati ya kiapo, na siku nyingi za kuambiwa turudi wiki ijayo. Nyaraka za mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, zifuatiliwe kwa maandishi, na kila barua inayopelekwa igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Sisi hatukufanya hivyo mara ya kwanza, barua ikapotea, tukaanza upya.

Tunakwenda naye kwa zamu, akina mama wawili wawili. Wakati mwingine hatufanyi lolote zaidi ya kukaa naye kwenye benchi na kumshikia mtoto. Nimemuuliza kama anapenda tumwombee palepale kabla hajaingia, akasema anapenda, ila kwa sauti ya chini, kwa kuwa watu wanaangalia.

Mwanangu alipiga simu juzi usiku. Zamani ningemuuliza kazi inaendaje, naye angejibu inaendelea vizuri, tungeagana. Nilimuuliza wiki hii ameona nini. Alinyamaza kwa muda mrefu nikadhani mtandao umekatika, kisha akaanza kunisimulia habari ya mzee mmoja na ng'ombe wake walioibwa, polepole, na salio lilipomwishia nikampigia mimi.

Alhamisi tunarudi mahakamani na yule mjane kusikiliza shauri la majina. Zimebaki shilingi 18,500 katika mfuko, za nauli na nakala, na safari hii kila karatasi nimeitoa nakala tatu.